Kisu cha kambi kwa baridi ya Nyanda za Juu: anza na mpini

Kiangazi kikikaribia, vijana wanaojiandaa kupanda Rungwe au kwenda kulala Kitulo huniuliza swali lilelile: "Kaka, nichukue kisu gani?" Wengi huwa tayari wana picha kwenye simu. Kisu kirefu cheusi, mgongoni kina meno ya msumeno, kitako cha mpini kina dira, na ukikifungua kitako hicho unakuta ndani njiti za kiberiti na ndoano za samaki. Huwa nawaambia wakiache hukohuko dukani. Wakinidai sababu zinakuwa nyingi, ndiyo maana nimeona niziandike.

Nazungumzia kisu kisichokunja, kile kinachokaa kwenye ala. Cha kukunja kinafaa mfukoni ukiwa mjini. Porini kiungio chake hujaa tope na unga wa ugali, na ukikipiga mgongoni ili kipasue ukuni, kile kijipini kidogo cha katikati ndicho kinachobeba kipigo chote.

Tukubaliane kwanza kisu kinaenda kufanya kazi gani. Hakuna anayekwenda kupigana na chui. Kwenye milima yetu kisu kinapasua kuni zilizolowa, kinachonga vigingi vya hema, kinakata kamba, kinamenya viazi na kuchinja kuku mliyemnunua njiani. Upande wa Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na hata kiangazi ukungu unalowesha kila kitu kabla jua halijazama. Kitulo, kwenye mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi unakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Kwa hiyo mkono utakaoshika hicho kisu utakuwa umelowa, una baridi, na vidole vimekufa ganzi. Ndiyo maana mimi nikifika kwa muuzaji siangalii makali kwanza. Makali yananoleka. Mpini mbaya utakusumbua mpaka siku utakapokitupa hicho kisu.

Ukiwa dukani, omba maji kidogo ya chupa ulowanishe kiganja. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Kamata mpini kwa nguvu kama unataka kuchonga, kisha sukuma mkono mbele kuelekea kwenye bapa, taratibu, kisu kikiwa bado ndani ya ala. Mkono ukiteleza, kirudishe. Mpini wa mpingo uliong'arishwa ni mzuri wa kuangalia na ni hatari ukilowa. Mninga usiopigwa vanishi nzito unashikika vizuri, na raba ngumu au plastiki yenye mikwaruzo inashikika zaidi, ingawa haina sura. Angalia pia umbo. Mpini wa duara kamili hukuzungukia mkononi, na gizani huwezi kujua makali yanaangalia wapi. Wa yai, uliobonyea pembeni, unakuambia wenyewe. Vidole vyote vinne vikae na nafasi kidogo ibaki, maana kuna siku utavaa glovu. Na ile mipini yenye mabonde ya vidole yaliyochongwa tayari, yule aliyeyachonga alipima mkono wa mtu mwingine.

Ndani ya mpini kuna msuka, ile sehemu ya chuma inayoendelea kutoka kwenye bapa. Ukiwa umepita mpaka mwisho, ukauona ukingo wa chuma kuzunguka mpini wote na vipande viwili vya mbao vimebanwa kwa ribiti pande zote mbili, hapo una kisu ambacho hata mbao zikipasuka utazifunga kamba uendelee na safari. Kile chenye dira kina mpini ulio wazi ndani, kwa hiyo msuka wake ni mfupi sana, umekazwa kwa nati tu. Kipige mara chache kwenye ukuni wa mkaratusi, bapa linaanza kucheza. Na yale meno ya mgongoni hayakati mti wa maana, ila yanaharibu kila kijiti unachopigia.

Nikisema hivyo, kuna watakaonikumbusha Mora, visu vya Uswidi vyenye mpini wa plastiki. Kweli, aina zake nyingi msuka haufiki mwisho, na bado vinapiga kazi. Vimetengenezwa vizuri, msuka umeshikwa imara ndani ya plastiki, na mpini wake ni kati ya mipini inayoshikika vizuri zaidi mkono ukiwa na maji. Ukikipata cha kweli kwa bei unayoiweza, chukua bila wasiwasi, ila usikifanye shoka.

Kuhusu urefu sitakaa sana. Bapa la sentimita 10 hadi 12 linatosha, unene wa milimita 3 hadi 4 mgongoni. Chini ya hapo kisu ni cha jikoni, juu ya hapo unabeba panga bovu. Nyumba gani Mbeya au Iringa haina panga? La kufyeka na kukata matawi makubwa libebe, mgawane kazi. Kisu kirefu cha sentimita 20 hakimenyi kiazi na hakifyeki kichaka. Mgongo wa bapa uwe na kona kali za mraba, usilainishwe, kwa sababu hizo kona ndizo zinazokwangua kile kijiti cha chuma cha kutoa cheche pale kiberiti kinapokuwa kimelowa. Zinakwangua pia maganda ya mti yakawa kama pamba, makali yako yakabaki salama.

Sasa chuma. Kuna cha kaboni na kuna stenlesi. Stenlesi ina kromiamu, kuanzia asilimia 10.5 hivi na kuendelea, ndiyo inayozuia kutu. Cha kaboni kinanoleka haraka kwenye jiwe la kawaida na kinavumilia kipigo, lakini kwa ukungu wetu huu kikilala usiku mmoja na maji, asubuhi kina madoa ya rangi ya chungwa. Mimi nabeba cha kaboni kwa sababu napenda kunoa, na nakipaka mafuta ya alizeti kidogo sana baada ya chakula. Kidogo, narudia, mafuta ya kupikia yakikaa mengi yanaganda yanakuwa gundi. Ukimenyea ndizi mbichi za Tukuyu, utomvu wake utalitia bapa weusi ambao hautoki. Huo weusi hauna shida, hata husaidia kidogo dhidi ya kutu. Ila kama wewe ni mtu wa kurudi safari na kusahau begi chini ya kitanda wiki mbili, nunua stenlesi ulale usingizi.

Ukitaka cha kaboni bila kuagiza nje, mhunzi yupo. Milima hii inajua chuma tangu zamani. Jirani zetu wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, na kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Leo mafundi wanafua springi za magari, zile bapa za chini ya lori, na ni chuma kizuri kwa kisu, kigumu na chenye kunyumbuka. Nenda na mchoro kwenye karatasi wenye ukubwa uleule unaoutaka, maana ukimwambia fundi kwa mdomo "kisu cha porini" atakupa kisu cha buchani. Nilipompelekea wangu mchoro, mzee mmoja mwenye banda lake nje ya mji, aliugeuza mara mbili akasema, "Mwanangu, mbona kadogo hivi? Ni cha mtoto?" Nikamwomba, "Hivyohivyo mzee wangu, ila mgongo uache kona, na usiufupishe msuka." Akacheka, akafanya.

Ukienda kukichukua kisu hicho, kitazame kwenye mwanga kabla hujalipa. Kama makali yana utando wa rangi ya bluu, ujue grenda ilichoma chuma wakati wa kusaga na ugumu umetoka pale pale unapouhitaji. Chukua tupa, iguse kwenye makali kidogo sana: ikizama na kukwangua kirahisi, chuma ni laini, hakikuchovywa vizuri kikiwa cha moto ili kiwe kigumu. Kuna na kosa la upande wa pili, fundi anachovya kwenye oili kisha harudishi kwenye moto mdogo kupunguza ugumu, na kisu kinakuwa kikali kweli lakini ncha inakatika siku ya kwanza ya baridi. Muulize tu, "Mzee, umekirudisha motoni?" Fundi anayejua kazi hatakasirika.

Soko la Mwanjelwa pale Mbeya na masoko mengine yana visu vingi vya bei rahisi vya kutoka nje. Vingine ni vizuri. Shikilia mpini, gonga kitako taratibu kwa ukucha, sikiliza kama ndani kunalia kitu. Chungulia makali kutoka kwenye ncha, jicho moja limefumbwa, uone kama mstari umenyooka. Na uache kabisa kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye bapa. Kuna visu sokoni vimeandikwa majina ya majeshi ya nchi ambazo havijawahi kuziona.

Mtihani wa kweli wa kisu chako ni moto wa kuni zilizolowa, kwa hiyo ngoja nieleze unavyokwenda. Tafuta ukuni uliokufa ukiwa bado umesimama au umeegemea mti mwingine, usiookotwa kwenye majani yaliyooza, unene wa kifundo cha mkono, usio na vifundo. Usimamishe juu ya gogo. Weka makali juu ya kichwa chake, ncha ikitokeza upande wa pili, kisha chukua kipande kingine cha mti ugonge mgongo wa kisu, na kinavyozama uendelee kugonga ile ncha inayotokeza. Ukuni unapasuka. Pasua vipande hivyo tena, na tena. Nje ni mweusi na una maji. Katikati utaona mti mkavu, rangi yake imebadilika na harufu pia. Hicho kiini kichonge nyuzi nyembamba zilizojikunja, bila kuzikata, zibaki zimeshikana na kijiti kama shada. Hapa ndipo mpini mzuri unajionyesha, kwa sababu unachonga polepole, mkono umeganda, na unahitaji kuhisi makali yamelala kwa pembe gani. Ukipata nyuzi unazoweza kuona mwanga kupitia kwake, moto umeshaupata.

Kwa walioko upande wa Iringa, Mufindi hasa, kuna njia ya mkato. Kwenye maeneo ya misindano kama Sao Hill, vipande vya visiki vya zamani vilivyojaa utomvu vinawaka hata vikiwa vimenyeshewa. Utavijua kwa uzito, rangi ya asali, na harufu kali. Kwangua kwa mgongo wa kisu upate ungaunga wake, ndio uupigie cheche. Omba ruhusa kwanza, hayo mashamba yana wenyewe. Kitulo juu ni nyika ya majani na maua, kuni hamna, beba jiko la gesi na kisu kiwe cha viazi.

Wakati wa kuchonga usikae ukaweka kazi katikati ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu unapita pale, na kutoka msitu wa Ziwa Ngozi mpaka kwenye zahanati ni mwendo. Weka viwiko juu ya magoti, chonga kwa nje ya mguu, na anayekusogelea mwambie akae mbali kwa urefu wa mkono wako na kisu.

Kunoa: jiwe lenye pande mbili, maji kidogo, pembe ya digrii 20 hivi kila upande, umalizie kwenye mkanda wa ngozi. Tupa iachie panga. Ukiwa safarini, kitako cha kikombe cha udongo, ile duara isiyo na rangi ya kung'aa, kinatosha kabisa.

Ala nusura niisahau, na watu wengi kweli wanaisahau. Kigeuze kisu kikiwa ndani, ncha ikitazama juu, ukitikise. Kikianguka, ala haifai, maana utainama kuchota maji siku moja. Ya ngozi inapendeza na haipigi kelele lakini inanyonya maji, kwa hiyo chuma cha kaboni usikiache humo ukifika nyumbani. Ya plastiki iwe na tundu chini la kutolea maji.

Mwisho ni habari ya njiani. Kitulo na Ruaha ni hifadhi za taifa, na Rungwe ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo kisu kitaje mwenyewe langoni kabla hujaulizwa, ufuate watakachokuambia, na mti ulio hai usiuguse. Kwenye basi kikae ndani ya begi, si kiunoni, utawatisha wamama bure. Na ukipanda ndege Songwe kiende kwenye mzigo unaokabidhi pale kaunta, kimefungwa vizuri kwenye ala na kitambaa. Ukikisahau kwenye begi la mkononi kitabaki kwa watu wa ukaguzi.