Kabla ya Kutoa Jibu, Tafuta Swali Limekwama Wapi

Mwanafunzi akikuletea daftari na kusema "hili swali la tatu limenishinda", usikimbilie kanuni. Mwambie alisome kwa sauti, alifunike, kisha akueleze kwa Kiswahili linataka nini. Hapa Malindi, maswali mengi ya sayansi hukwama kwenye Kiingereza hata kabla ya kufika kwenye sayansi.

Anzeni na kitenzi. "State" inataka jambo litajwe, basi. "Describe" inataka kinachotokea, hatua kwa hatua. "Explain" na "account for" zinataka sababu, na hiyo ya mwisho huwaponza wengi kwa kuwa "account" wanaijua ya benki. Kisha tazameni alama: "explain" ya alama mbili haishibi kwa "because it is hot".

Mtego mwingine unatoka kwenye lugha yetu wenyewe. Uzito kwetu ni "mass" na ni "weight" pia. Joto ni "heat" na "temperature". Nguvu ni "force", "power", na pengine "energy". Maneno tungamo ("mass") na halijoto ("temperature") yapo vitabuni, lakini sokoni hakuna anayeuliza tungamo la samaki. Ndiyo maana mtoto anaandika "weight" ni kilo 5 na kukosa alama. Kilo 5 ni "mass". "Weight" yake ni niutoni 50, ukichukua mvutano wa niutoni 10 kwa kila kilo. Nyuma ya daftari apige safu tatu: neno la Kiingereza, kinachopimwa, kizio chake ("unit").

Sasa chukua swali la kuelea. Kipande cha mbao cha gramu 410 kinaelea baharini, na kila sentimita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina gramu 1.025. Kinasukuma maji kiasi gani? Kosa la kawaida ni kutafuta ujazo wa mbao. Hauhitajiki. Kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo ni maji ya gramu 410: gawa kwa 1.025, upate sentimita 400 za ujazo. Kwenye maji yasiyo na chumvi, ambayo kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 1, ni 410. Hizo 10 za ziada ndizo zinazofanya dau litokalo baharini lizame kidogo zaidi likiingia Mto Sabaki. (Sabaki ikijaa tope maji yake huwa mazito zaidi, lakini mtihani huyahesabu kuwa safi.) Wapo wanaopenda kuonyesha jambo hili kwa yai. Yai bichi lililo jipya huzama hata kwenye maji ya bahari. Ili lielee, koroga chumvi vijiko vikubwa vitano hivi katika nusu lita ya maji.

Kwenye Kiingereza, kinachosumbua zaidi ni kifungu chenye nafasi kumi za kujaza. Kisomwe chote kwanza, kalamu ikiwa chini, kwa sababu nafasi ya pili mara nyingi hufunguliwa na sentensi ya tano. Vijineno vidogo ndivyo vinavyoangusha. Sisi husema yuko sokoni, amekwenda sokoni, ametoka sokoni: "-ni" ni ile ile, mwelekeo umebebwa na kitenzi. Kiingereza kinaudai tena nje ya kitenzi: "at", "to", "from". Basi kabla ya kujaza, mwanafunzi aulize mtu yuko, anakwenda au anatoka. Na kwa kuwa "a-" yetu haibagui mume na mke, kila "he" na "she" avutiwe mstari hadi kwenye jina linalohusika.

Akiomba msaada kwa picha ya simu, apige mchana, ukurasa ukiwa umelala, mchoro na sehemu (a) zionekane. Jibu la (b) huenda linaitegemea. Atume na alichojaribu, hata kama ni mstari mmoja uliokosewa. Na msaidizi asishike kalamu. Ukishaandika wewe, mtoto ananakili tu.

Kesho yake mpe swali lile lile, mbao iwe ya gramu 615, baharini. Jibu ni 600. Akileta 0.6, basi amegawa gramu kwa 1,025, yaani kilo za mita moja ya ujazo. Rudini kwenye safu ya vizio.