Zile korosho usizitie kwenye kashata za wateja!

Mleta uzi, achana na hizo korosho. Usiwashe jiko, usinunue sukari, na hizo kadi za "asante kwa kutuamini" zisichapishwe mpaka umalize kusoma hapa.

Kwa mnaoingia sasa: huyu ndugu ni dalali mpya wa viwanja na nyumba za kupanga hapa Mtwara mjini. Msimu huu hela za korosho zikianza kutoka anataka kuwagawia wateja wake kashata za korosho, visheti na keki ya nyumbani. Kauliza vipimo, kauliza keki bila oveni, kauliza maboksi, kauliza ampe nani na lini. Mliotangulia mmemjibu habari za hiliki na utepe. Hakuna aliyeshtuka na ile sentensi yake ya katikati, kwamba kuna jamaa anamuuzia korosho zilizobanguliwa kwa nusu ya bei ya sokoni, "anabangulia nyumbani kwake tu, nyeupe kabisa".

Nyumbani kwake tu. Nyeupe kabisa. Mkuu, mimi maneno hayo nimeyalipia.

Nami ni dalali. Shangani, Chuno, mpaka Mikindani, ukiona mtu mzima kwenye pikipiki ana funguo nyingi kuliko mlinzi wa shule, huenda ni mimi. Na ndiyo, ni mwanaume na napika kashata. Bibi aliyenilea alikuwa akiuza visheti na kashata, na kuponda hiliki ilikuwa kazi yangu. Chekeni mmalize, tuendelee.

Wazo la kugawa vitamu sina ugomvi nalo. Dalali mjini hapa anajulikana kwa uongo na kwa kudai kodi ya mwezi mmoja kabla mpangaji hajafungua hata dirisha. Kopo la kashata linampunguzia laana. Mwenye nyumba aliyekula kashata yako atakupigia wewe kwanza chumba kikiwa wazi. Kwa hiyo wazo ni zuri, shida ni korosho.

Mwaka yaliponikuta mimi, minada ya korosho ilikuwa imechangamka. Watu wa Tandahimba na Newala walikuwa wanashuka mjini na hela zao, huyu anataka bati, yule pikipiki, mwingine kiwanja. Nikasema sasa ndiyo wakati, nitengeneze kashata za kutosha, kila mteja apate kopo. Korosho za dukani nikaona ghali. Shemeji yangu mmoja (bado ni shemeji, kwa bahati mbaya ndoa haivunjwi kwa ajili ya korosho) alikuwa ameanza kile alichokiita kiwanda, nyuma ya nyumba yake. Kiwanda chenyewe ni turubai, vibao vya kukalia na akina mama kadhaa wenye nyundo. Akaniambia, "Shemeji, weupe ndio ubora. Nyeupe ndiyo inayokwenda Ulaya." Akanifungia mfuko. Nikauliza kama zimekaangwa. Akasema zimeshapikwa kwenye ganda, mimi nizichanganye tu na sukari.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi hata sisi wenyeji tunapojifanya tunajua. Ganda la korosho lina kuta mbili, na kati ya kuta hizo kuna vijumba vidogo vilivyojaa mafuta meusi makali. Mafuta hayo yanaunguza ngozi. Viwandani huko duniani yanaingia kwenye rangi na kwenye breki za magari, hebu fikiria kitu cha breki kwenye ulimi wa mteja. Mkorosho ni ndugu wa mwembe, na kama umewahi kupata vipele mdomoni kwa utomvu wa embe bichi, basi mafuta ya korosho ni kaka yake mkubwa aliyetoka jeshini. Ndiyo maana wabanguaji wanaojua kazi wanajipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza.

Bibi zetu walikuwa na dawa yake. Unatoboa bati, unaweka korosho na maganda yake, unawasha moto nje ya nyumba, upande ambao upepo hauelekei kwa jirani. Ganda linatoa mafuta, linashika moto, moshi mweusi unapanda, unamwaga yote mchangani, yakipoa unapasua. Kiini kinatoka na rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Hakivutii machoni, lakini kimepona. Kiwanda cha kweli kinafanya kwa njia nyingine: kinazipiga mvuke, kinakata ganda kwa mashine, kinakausha kiini kwenye oveni, kinamenya lile ganda jembamba la ndani, kisha kinapanga madaraja. Nacho kinatoa nyeupe, lakini weupe wake umepita kwenye mikono mingi na macho mengi.

Shemeji yangu hakuwa na mvuke wala hakuwa na moto wa maana. Alikuwa anazichemsha nusunusu ili zisibadilike rangi, halafu nyundo. Kila nyundo ikishuka mafuta yanaruka, kiini kinaogeshwa, mkono uleule ulioshika ganda unashika kiini. Na vipande vidogo vya ganda vinabaki mfukoni kama mchele na mawe yake. Mimi navyo nikavipika. Sukari nzuri, hiliki nzuri, nimekata pembe nne kama za bibi. Nikagawa.

Siku hiyo hiyo hakuna aliyelalamika. Huo ndio ubaya wake! Ungekuwa unauma papo hapo, mtu angetema, tungeombana radhi, basi. Mafuta haya yanachelewa. Wengine yaliwashika kesho yake, wengine baada ya hapo. Hajjat mmoja mwenye nyumba tatu Shangani, mteja wangu bora kuliko wote, midomo ilivimba mpaka sauti ikabadilika kwenye simu. Nilidhani nimekosea namba. Mwalimu mstaafu akapata malengelenge kwenye vidole, maana alikuwa akimega vipande vidogo akiwapa wajukuu. Wajukuu nao usiniulize.

Lakini hasara yenyewe ilikuwa kwa jamaa mmoja aliyeshuka kutoka kijijini kununua kiwanja kule Chuno. Tulikuwa tumekubaliana bei, mashahidi wapo, malipo ya kwanza yametoka. Tukapeana mikono, nikamkabidhi kopo la kashata kama baraka. Alikula karibu lote njiani. Siku ya pili anawashwa mdomo, anawashwa shingo, na anawashwa sehemu nyingine ambayo sitaitaja kwa sababu uzi huu unasomwa na wakwe. Mtu mzima, mwenye akili zake, akakaa akatafakari: nimegusa nini kipya? Nimegusa kiwanja. Kwa hiyo kiwanja kina kitu.

Akaenda kuulizia. Na ukiulizia mtaani kama kiwanja kina kitu, hukosi wa kukuambia kipo. Huyu akasema hapo palikuwa na mti mkubwa, yule akasema marehemu mwenye shamba hakuridhia. Akarudi kutaka hela yake. Mwenye kiwanja akakasirika kuambiwa ardhi ya baba yake ina majini. Mimi katikati, nikijua fika kwamba jini ni mimi na limetoka kwenye sufuria yangu. Nilipowaeleza habari za mafuta ya ganda, wote wawili wakaniona natunga ili niokoe kamisheni. Dalali, nani atamwamini?

Kamisheni ikaenda. Mwenye kiwanja akampa kazi dalali mwingine. Na kiwanja chenyewe kikakaa muda mrefu bila mnunuzi kwa sababu sifa ya majini haifutiki kwa maelezo ya mpishi. Hajjat alinisamehe baadaye, ila nyumba zake zote tatu sasa anazo kijana mmoja ambaye wateja wake anawapa kalenda. Kalenda haiwashi.

Shemeji sasa. Nilipomfuata alisema, "Kwani wewe hukuzikaanga?" Huyu huyu aliyeniambia zimeshapikwa! Halafu akaongeza kwamba labda wateja wangu wana damu chafu. Damu chafu, mji mzima, wiki moja. Na bado ukienda kwake leo atakwambia weupe ndio ubora. Siwasemi akina mama wabanguaji, wale wanaungua vidole kwa ujira wa kusikitisha, na wengi wao wakiachiwa wakaange wanavyojua wanatoa korosho safi. Namsema mtu wa kati aliyeona bei ya nyeupe sokoni akadhani weupe unapatikana kwa kuruka hatua. Na huyo wako mwenye nusu ya bei, muulize na korosho ghafi amezipata wapi. Msimu wa minada na stakabadhi ghalani (korosho ghafi zinapita ghalani kwanza, kisha mnadani), bei ya namna hiyo inanukia kangomba, yaani korosho zilizonunuliwa kichochoroni nje ya mnada. Hapo utakuwa umeongeza na kesi juu ya vipele.

Mnaosema natia chumvi, hili lilishawakuta Wamarekani. Mwaka 1982 jimbo la Pennsylvania timu za watoto za besiboli ziliuza vifuko vya korosho kuchangisha fedha. Watu zaidi ya 50 wakatoka vipele. Walipochunguza wakakuta vipande vya maganda ndani ya korosho. Na zilitoka Msumbiji, yaani ng'ambo ya Ruvuma hapo. Wale hawakuwa na shemeji wangu, na bado.

Kwa hiyo kanuni ni moja, iandike ukutani juu ya jiko: kama hukuona korosho ilivyobanguliwa, usimpe mteja. Ama nunua ya kiwandani iliyofungwa vizuri, ama zikaange mwenyewe kwenye bati mpaka ganda liwake, nje, mbali na watoto na nguo za kuanika, ule moshi unauma macho. Hukuona, hugawi. Hata zikikupendeza macho. Na usijidanganye kwamba sukari ya moto au oveni itazisafisha, mimi sukari yangu ilikuwa inachemka.

Ukipata korosho za kuaminika, kashata yenyewe haina maajabu. Vikombe viwili vya korosho, kimoja cha sukari, hiliki, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Za kiwandani nazo zikaange kwanza kwa moto mdogo, zikibadilika rangi kidogo ziepue, maana zinaendelea kuiva zenyewe kwenye kikaango. Sukari iyeyushe kavu, bila maji, moto mdogo, usiondoke hata simu ikiita. Ikifika rangi ya asali tia korosho na hiliki, geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa kifimbo cha chapati kilichopakwa mafuta pia, kata ingali ya moto. Ikipoa tu ingiza kwenye kopo kavu linalofunga. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba, na hewa hii ya bahari ikiikuta kashata nje inatoa jasho na kunata kama gundi. Na usifunge ikiwa na joto, mvuke utafanya kazi hiyohiyo ukiwa ndani.

Jambo lingine: uliza kwanza. Kuna watu korosho safi kabisa inawadhuru, mwili wao hauitaki, na hiyo ni habari nyingine na inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa hao tengeneza kashata za nazi uwape zikaliwe mapema. Za ufuta nazo ni nzuri, na ufuta wa Lindi haukosekani, ila nao uulizie vilevile.

Keki bila oveni: sufuria nzito, mchanga chini, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Watu wengi wanageuza hilo wakaunguza tako la keki. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, usiyaguse, juisi yake ikidondokea kanzu ya mteja haitoki, na kuna mjanja atakushauri uraka, pombe ya mabibo hayohayo. Uraka kwa Hajjat, jaribu uone.

Visheti na maboksi ulikuwa umeuliza nini tena? Nitarudi nikipata nafasi, nina mpangaji ananisubiri Ligula.

Lakini umeandika kwamba tayari umemwonjesha mwenye nyumba wako kipande. Mpigie leo. Mwambie asiendelee kula, asiwape watoto, anawe mikono kwa sabuni, na akianza kuvimba midomo au kupumua kwa shida aende hospitali na akataje korosho, asitaje kiwanja.