Alifika na Raba Mkononi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, mbio ndefu ni salama kwa watoto?", nimelisoma nikiwa nimekaa mbele ya duka hapa Kapchorwa, huku Sebei, milimani mashariki mwa Uganda. Sijamaliza hata mstari, watoto wanane wakapita mbio, sare mwilini, viatu vimening'inia begani. Nikacheka peke yangu. Kumuuliza mtu wa Sebei kama mbio ni salama kwa mtoto ni sawa na kumuuliza mvuvi wa Kalangala kama ziwa ni salama. Atakujibu ndiyo upesi, halafu atanyamaza kidogo, kwa sababu amekumbuka mtu.

Nilikusudia kuwajibu kwa mistari mitatu: ndiyo, ni salama, acheni kuwalea watoto kama mayai. Mistari hiyo niliiandika kweli. Nimeifuta.

Hoja za upande wa "ndiyo" sizidharau, maana nimezitumia mwenyewe miaka mingi nikiwa mwalimu wa michezo. Hapa stendi ukisema mtoto asikimbie mbio ndefu, vijana wa bodaboda watakujibu kwa sauti moja: "Kiplimo je?" Na ni kweli. Jacob Kiplimo wa Bukwo alikuwa na miaka 15 alipokimbia mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Rio, 2016. Peruth Chemutai alikwenda Rio hiyohiyo na miaka 17, na Olimpiki iliyofuata, Tokyo, akatuletea dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wasichokisema wale vijana ni kwamba Joshua Cheptegei, mwenye rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000, utotoni alianza na mpira, akajaribu kuruka mbali na miruko mitatu, ndipo akaja kwenye mbio. Hilo halinogi kusimulia stendi.

Lakini mimi nina swali langu, jirani na la kwenu, na ndilo nitakalojibu. Je, ni salama mtoto akimbie kwa umri wa mtu mwingine?

Mwaka 1996 nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi huku juu mlimani. Shule siitaji. Muhula wa kwanza ndio wa mbio za nyika, na tulikuwa na msichana wa darasa la saba ambaye tulimtegemea kama nguzo ya nyumba. Siku mbili kabla ya mashindano ya Mbale akaanguka malaria. Hedimasta akaniita ofisini, akasema nafasi haiwezi kwenda bure. Hakusema zaidi ya hapo, wala sikuhitaji aseme. Nilishajua nani wa kumpeleka: binti wa darasa la tano, miaka 11, ambaye kila mchana alishuka kwao bondeni kula, akapanda tena, na kengele ikilia alikuwa ameshaketi kwenye dawati. Hakuna aliyewahi kumfundisha kukimbia. Alikuwa anawahi tu.

Siku zile fomu haikuwa na picha. Jina, umri, muhuri wa shule, basi. Nikamwita pembeni nikamwambia, "Kesho wewe ni fulani. Ukiulizwa, una miaka 14." Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Hakuuliza kwa nini. Mwalimu wa zama zile alikuwa haulizwi.

Mke wangu akamwonea huruma mtoto kwenda mjini miguu mitupu mbele za watu, akamwazima raba zake nyeupe. Zilikuwa kubwa, tukajaza karatasi za daftari kule mbele.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri juu ya lori la kabichi. Barabara ya Mbale ilikuwa bado ya vumbi, na zile kona za Sipi nazijua mpaka leo kwa tumbo, si kwa macho. Kiamsha kinywa kilikuwa chai ya rangi na kipande cha posho, yaani ugali, baridi, ambacho wengi walikitupa njiani kwa kuogopa kutapika. Mbio zilipangwa saa tatu asubuhi. Zilianza saa sita na nusu, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika. Watoto walingoja juani muda wote huo, wamevaa tayari.

Kwa wasiolijua jua la Mbale mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimechelewa: uwanja uko chini ya mlima Wanale, lile jabali linazuia upepo, na joto linakaa pale kama mgeni asiyeaga. Mtoto aliyezaliwa kwenye baridi ya huku juu hajawahi kukutana na kitu hicho. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto geni. Sisi tulimpa asubuhi moja, nayo juu ya lori.

Zilikuwa kilomita 6, mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza alipita yumo katika kumi bora, ile mikaratasi ikichungulia kwenye raba. Mzunguko wa pili alipita miguu mitupu, raba amezishika mikononi, moja kulia, moja kushoto. Nilimpigia kelele azitupe. Hakuzitupa. Nilipiga kelele mpaka mwalimu wa shule nyingine akaniuliza kama ni mwanangu.

Alimaliza wa tatu. Nikaruka kwa furaha, nisiwafiche. Hakuanguka pale kwenye mstari kama mnavyoona kwenye televisheni. Alitembea moja kwa moja hadi nilipo, akanikabidhi raba, akasema, "Mwalimu, hazikuchafuka sana." Ndipo magoti yakakunjika.

Tulimlaza chini ya mwembe. Midomo imekauka, chumvi nyeupe imeganda shingoni, ngozi inaunguza mkono. Mtu akaja na jerikani ya maji tukammwagia kichwani na kwapani. Muuguzi mmoja mama mtu mzima, aliyekuja na timu ya shule nyingine, akapiga magoti akaniuliza maswali mawili. La kwanza, amekula nini? Nikamwambia chai. La pili, ana umri gani?

Nikasema, "Kumi na minne."

Yule mama aliutazama mkono wa mtoto uliokuwa ndani ya mkono wake, akanitazama mimi, akaendelea kummwagia maji. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Jioni zawadi zikatolewa. Binti alikuwa ameketi sasa, anakunywa maji kidogo kidogo. Mshindi wa tatu akaitwa jina. Hakuna aliyesimama. Akaitwa tena. Nilipomgusa bega alishtuka, akageuka nyuma kumtafuta yule mwenye jina, ambaye alikuwa kilomita zaidi ya sitini kutoka pale, kitandani na malaria yake. Alipewa beseni la kijani la plastiki, dazeni ya madaftari na cheti.

Mnadhani beseni lilikwenda kwao? Tuliporudi, mama wa yule mgonjwa akaja shuleni akasema, na kwa haki kabisa, kwamba cheti kina jina la mwanawe. Hedimasta akamkabidhi cheti na beseni. Madaftari yakaingia stoo ya shule. Mkimbiaji alipata raba, kwa kuwa mke wangu alikataa kuzipokea. Zilimtosha miaka kama mitatu baadaye, na wakati huo alikuwa hakimbii tena.

Hapo ndipo penye swali lenu hasa, la afya. Muhula wa pili alianza kulalamika goti. Chini kidogo ya goti pakatokea kinundu kigumu, ukikigusa anaruka. Mimi nikaona ni uvivu wa mtu aliyeonja sifa. Nikamzidishia mazoezi: kupanda kile kilima cha nyuma ya shule, mara tano, huku nimeshika saa. Alichechemea mpaka siku moja hakuja mazoezini, na wala hakurudi.

Miaka mingi ikapita ndipo mpwa wangu, ambaye ni tabibu, akanichorea kwenye karatasi. Mfupa wa mtoto unarefuka karibu na ncha zake, na sehemu hizo bado ni gegedu, hazijakomaa. Msuli mkubwa wa paja unavuta mahali pale chini ya goti kila hatua, na mtoto akiwa katika miaka ya kurefuka, ukivuta mno panavimba. Unaitwa Osgood-Schlatter, majina ya madaktari wawili walioueleza mwaka 1903. Tiba yake kubwa ni kupunguza mbio mpaka maumivu yatulie, na wengi hupona wakimaliza kurefuka. Mwaka 1903, Mhariri! Nami 1996 nimesimama na saa mkononi. Mpwa wangu akaongeza la pili, kwamba msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa hedhi na mifupa yake ikadhoofika. Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Akaniuliza, "Mjomba, mliwapa nini asubuhi?" Nikabadilisha mazungumzo.

Tarehe 26 Machi 2017 nilikuwa Kololo, Kampala, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Mtakumbuka. Cheptegei alikuwa mbele, uwanja mzima umesimama, kisha katika mzunguko wa mwisho miguu ikamkataa. Akamaliza wa 30. Alikuwa na miaka 20, mtu mzima, ana kocha na chakula, na bado jua na hamu ya kuwafurahisha watu wa nyumbani vilimmaliza. Siku hiyohiyo Kiplimo, miaka 16, alishinda mbio za vijana. Wenzangu walirudi Sebei na habari ya Kiplimo. Mimi nilirudi na ule mwendo wa Cheptegei, maana nilikuwa nimeuona mahali. Tofauti ni kwamba yeye miezi minne na kitu baadaye alikuwa London akichukua medali ya fedha ya dunia ya mita 10,000. Binti yangu wa raba hakuchukua kitu tena. Yupo, mzima, ana watoto. Hunisalimia vizuri sana, "Shikamoo mwalimu", na mimi hutafuta mahali pa kutazama.

Kwa hiyo jibu? Nilianza na ndiyo, na sehemu kubwa ya ndiyo hiyo bado ninayo. Mtoto anayekimbia kwenda shule, kuchunga, kufukuzana na wenzake, akichoka hutembea. Hakuna anayemwambia "usiniangushe". Wanaotaka serikali ipige marufuku waje kwanza waniambie watoto wa Benet, kule juu mlimani, wafike shule kwa gari gani. Ila marathoni ni jambo jingine: hata London na New York hazimpokei aliye chini ya miaka 18, na sioni kwa nini sisi tuwe na haraka kuliko wao. Kwa hizi mbio za shule, mimi ningesema mtoto akimbie popote pasipo na mgeni rasmi. Najua ni jibu bovu. Bila mashindano, Kiplimo angeonwa na nani? Na wapo walimu wazuri kuliko nilivyokuwa mimi, wanaobeba uji kwenye madumu na kumzuia mtoto mwenye goti bovu. Nimewaona. Lakini msiniambie kwamba umri wa karatasi umekwisha, tafadhali.

Nawaandikia haya na fomu iko hapa mezani, chini ya redio. Mjukuu wangu ana miaka 12 na shule yake inataka kumpeleka mbio za barabarani za kilomita 10. Fomu yenyewe ni ya Kiingereza, ingawa Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi tangu 2022 na sisi huku tulikuwa tunakiongea hata kabla ya wao kukaa kikao. Mwalimu wake, kijana mwema, alinipigia simu akasema kwa upole, "Mzee, pale kwenye umri usijaze, tutajaza sisi."

Nimejaza. Tarehe, mwezi na mwaka, kwa kalamu ya wino, nikakandamiza mpaka karatasi ya chini ikashika. Mahali pa sahihi bado pako wazi. Mtoto mwenyewe hana habari, ametoka sasa hivi kwenda kuleta maziwa kwa shangazi yake, kama kilomita 3 kwenda tu, na nimemsikia akianza kukimbia kabla hajafika kwenye geti. Fomu inatakiwa Ijumaa.

Mwalimu mstaafu, Kapchorwa