Hedhi Ikishakoma: Maswali Yenu Wiki Hii

Nina miaka 51, nauza dagaa soko la Mwaloni, Mwanza. Mwaka na miezi mitatu sijaona siku zangu. Nimeambiwa nikapime homoni nijue zimebaki ngapi. Nipime?

Hela hiyo ongezea mtaji, mama. Kwa umri wako, miezi 12 mfululizo bila hedhi inatosha kuwa jibu, isipokuwa kama unatumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, maana hivyo navyo hukata hedhi. Kipimo kina maana zaidi kwa aliyekatikiwa kabla ya miaka 45.

Ukipima utakuta homoni za kike zimepungua: estrojeni imeshuka sana na projesteroni karibu haipo. FSH, homoni inayotoka chini ya ubongo kuziamsha ovari (vifuko vya mayai), itakuwa juu: inaita, haiitikiwi. Testosteroni, homoni ya kiume ambayo wanawake nao wanayo kidogo, haiporomoki hedhi inapokoma. Hupungua taratibu na umri. Mafuta ya mwili nayo huendelea kutengeneza estrojeni kidogo. Lakini namba hizo hazisemi utajisikiaje. Wanawake wawili wenye estrojeni sawa, mmoja analala fofofo, mwenzake anakesha akijipepea.

Usiku naamka nimelowa chini ya neti. Malaria sina, nimepima, lakini nimemeza dawa mara mbili. (Igoma)

Kipimo kikisema huna, usimeze. Huku ziwani kila jasho tunalipa jina la malaria! Joto la kukoma hedhi hupanda ghafla kifuani na usoni, hukaa dakika chache, kisha jasho, pengine na baridi. Estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hushtuka kwa kitu kidogo. Kwa wengi huendelea miaka kadhaa, wapo wanaopita 10. Likikuzidi, daktari anaweza kukupa dawa za homoni. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, huongezewa projesteroni ili kuukinga na saratani. Ila jasho la usiku likija na kikohozi au kukonda, kapime kifua kikuu na VVU.

Joto limeisha, sasa tendo la ndoa linauma na UTI hazikomi.

Hili halifuati joto. Joto hupoa lenyewe. Ukavu ukeni, unaoleta maumivu hayo na UTI, usipotibiwa huzidi. Kuna vilainishi vya maji, na krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu. Kujiosha ndani kwa sabuni au kuweka dawa za mitishamba kunachubua zaidi.

Nina miaka 58, juzi nimeona tone la damu. Mume wangu anacheka, ujana umerudi.

Shemeji acheke mkiwa njiani kwenda hospitali, Sekou Toure au Bugando. Damu baada ya mwaka mzima wa ukimya si hedhi, hata ikiwa tone. Mara nyingi ni ngozi ya ndani iliyosinyaa, lakini yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko wenyewe, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Usisubiri tone la pili.

Dagaa wanasaidia mifupa?

Ndiyo, wakiliwa wazima na mifupa yao: wana kalsiamu nyingi. Mifupa hupungua kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, bila maumivu yoyote. Ongeza kutembea, hata ile milima ya Bugarika.