Mwanangu, Hama Mchana

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Meseji yako niliipata jana baada ya Isha, nikaisoma mara tatu. Wasema kodi hapo Nyali, Mombasa, ni shilingi 35,000 kwa mwezi, mshahara umepunguzwa, na mkataba wa mwaka umebakisha miezi mitano. Unaniuliza uukate uhamie penye nafuu, au ujibane mpaka uishe, maana waona haya watu watasemaje.

Hama. Tena uhame sasa, ungali huna deni.

Mimi na marehemu baba yako tulijibana. Ulikuwa darasa la pili, tukikaa Tudor. Kazi yake ya bandarini ilipokwisha, tulikuwa na akiba ya kuhamia nyumba ndogo bila kumkopa mtu. Tukasema tungoje kidogo, kazi itapatikana. Akiba ikaishia kwenye kodi ya miezi mitatu, na wa nne tukakosa. Siku moja natoka soko la Kongowea na kikapu changu, nakuta mlango una kufuli geni, jipya, la shaba, linang'aa. Ndani mlikuwa na sufuria ya mchuzi, madaftari yako na cherehani yangu. Tukalala kwa shangazi yako siku nne. Vyombo tulirudishiwa, lakini cherehani ilibaki kwa mwenye nyumba kufidia deni, na karibu miaka miwili sikushona nguo ya mtu. Hukuwahi kuuliza ilikwenda wapi, nami sikukwambia.

Kuhama kwenyewe kunataka pesa, mwanangu. Hiyo nyumba ya Kiembeni uliyoitaja ni 18,000: utatoa kodi ya mwezi wa kwanza na amana kama hiyo, ni 36,000 kabla ya gari la vyombo, na amana yako ya Nyali bado haijarudi. Leo unazo. Baada ya miezi mitano ya kujibana hutakuwa nazo.

Sasa utoe mkataba uusome mwenyewe, usitegemee alivyokwambia ajenti. Tafuta kifungu cha notisi. Kama kinakuruhusu kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili, kifuate kama kilivyo. Kama hakipo, mkataba wa mwaka unakufunga mpaka mwisho wake, na kuondoka kwako kutategemea maelewano. Nenda kwa mwenye nyumba, umweleze habari ya mshahara bila kuficha, na ujitolee kumtafutia mpangaji. Anachohofia yeye ni nyumba kukaa tupu. Mkikubaliana, muandikiane na mtie sahihi nyote wawili, na nakala ubaki nayo.

Mdogo wako wa Kisauni mwambie yake ni tofauti, kwa kuwa analipa mwezi kwa mwezi bila mkataba wa mwaka. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi, nayo imalizike siku ya kulipa kodi. Akiitoa tarehe 10 Agosti, na kodi yake ni ya tarehe 1, notisi inakwisha tarehe 1 Oktoba, si 10 Septemba, maana kufikia 1 Septemba mwezi haujatimia. Hapo ndipo watu huzozana na wenye nyumba.

Amana ya Nyali usiiachie. Huku kwetu chumvi inakula kila kitu: vitasa vinashika kutu, rangi inabanduka chini ya dirisha la upande wa bahari, na mabomba yanaota ukoko mweupe kwa maji ya kisima. Huko ni kuchakaa kwa kawaida, hukuharibu wewe, lakini siku ya kukagua nyumba, asiye na ushahidi hutozwa. Leo hii pita chumba kwa chumba na simu yako. Piga picha kila ukuta, kila sinki, hata nyuma ya mlango wa choo. Yale matundu uliyotoboa kutundika televisheni ni yako. Yazibe na uyapake rangi ileile. Na kodi ya mwezi wa mwisho uilipe, usiseme waikate kwenye amana, isipokuwa wamekubali kwa maandishi.

Umeniuliza pia Likoni. Ningependa uwe karibu nami, wajukuu waje kula kwangu. Lakini kweli nitakwambia. Mwenda kwa miguu halipi kitu kwenye feri, na kodi huku ni nafuu, ila unalipa kwa masaa. Feri moja ikiharibika, unasimama kwenye ule umati na mtoto amekulalia begani. Wewe unaingia kazini saa moja unusu na watoto wanasoma Bamburi. Nenda Kiembeni. Hata nauli na tuktuk zikikula 4,000 zaidi kwa mwezi, bado umeokoa 13,000.

Usitume hata shilingi kwa simu kabla hujaingia ndani ya nyumba. Nenda baada ya mvua kubwa uone maji yanasimama wapi. Panda matatu ya asubuhi siku ya kazi, usiijaribu njia Jumapili. Mama wa mlango wa pili muulize maji ya bomba hutoka siku ngapi, na yakikosekana hununua mtungi kwa bei gani. Na uangalie madirisha: nyumba inayopokea upepo wa kusi hutalala na feni miezi mingi ya mwaka.

Siku ya kuhama, hama mchana. Waage majirani, mpe bawabu mkono. Hudaiwi na mtu, hakuna la kuficha.

Ukishapata siku ya kuhama, nitavuka na feri ya alfajiri nije tufunge vyombo. Weka magazeti ya kufungia vikombe, na zile pazia za sebuleni usimpe mtu. Nitazipunguza upindo zitoshee madirisha ya huko.

Mamako