Nimejaza mchanga kando ya ukuta, unyevu ukazidi

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nyuma ya nyumba yangu maji ya mvua yalikuwa yakituama kando ya ukuta. Nikaleta mchanga, nikajaza mpaka dimbwi likapotea. Sasa plasta ya chini, upande wa ndani, inavimba na kubanduka kuliko mwanzo. Nimekosea wapi? Na mteremko unaotakiwa ni kiasi gani?

Jibu: Marahaba. Dimbwi halijaondoka, umelifunika tu. Mchanga hupitisha maji upesi, lakini chini yake ipo ardhi ile ile isiyoyanywa, maana ingekuwa inayanywa yasingetuama tangu mwanzo. Mvua inazama mchangani, inakwama chini, na msingi wako unabaki umeloa kama mguu ndani ya beseni. Zamani angalau jua lililikausha.

Utoe mchanga huo wote. Najua inauma, lakini kuuwekea udongo juu ni kuficha tatizo mara ya pili. Mahali pake weka udongo wenye mfinyanzi kiasi, ule ukiufinyanga mkononi unashikana. Usitumie udongo mweusi wa bustani. Mwaga tabaka la sentimita 15 hivi, nyunyizia maji kidogo, shindilia, ndipo uongeze jingine. Ukimwaga wote kwa mkupuo na kushindilia juu juu, mvua chache tu utatitia, na utatitia zaidi pale pale ukutani, kwa sababu pale ndipo mtaro wa msingi ulipofukiwa, na mara nyingi hufukiwa bila kushindiliwa. Ndiyo maana uwanja uliosawazishwa vizuri siku ya kukabidhiwa nyumba huja kulalia ukutani baadaye.

Kuhusu mteremko, kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani zinataka ardhi ishuke sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani, yaani asilimia 5. Mimi hufuata hicho. Palipo na zege, asilimia 2 inatosha. Kupima si kazi: pigilia kigingi ukutani na kingine mita 3 mbele, funga uzi, uulazishe sawa kwa pima maji au mpira wa maji. Kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ardhini. Kule nje kipimo kizidi cha ukutani kwa sentimita 15.

Ila angalia usipandishe udongo ukapita ule utando wa kuzuia unyevu kupanda ukutani. Udongo uishie sentimita 15 chini yake. Kama nyumba imekaa chini, usijaze, chimba: shusha ardhi ya nje. Ikiwa ua uko karibu na huna mita 3, chonga mfereji mpana usio na kina kati ya nyumba na ua, uyaongoze maji pembeni, na yasimwagikie kwa jirani.

Hujaniambia habari za gata. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 tu linamwaga lita 1,000. Kama bomba linazishusha zote kwenye kona moja ya ukuta, mteremko wowote utazidiwa. Lirefushe limwage angalau mita 2 mbali.

Plasta isubiri. Bandua iliyolegea, acha ukuta ukauke majuma kadhaa, ndipo umwite fundi.