Msikiti na kanisa kupanda mikoko pamoja: dada wa Kigoma, jibu lako hili hapa

Juzi dada mmoja wa Kigoma kaniandikia inboksi, meseji ndefu kweli. Anasema Ziwa Tanganyika lilivyopanda lilikula mpaka njia ya kwenda makaburini kwao, akajitolea kuwaita masheikh na wachungaji wakae wapange kupanda miti na kulinda ufukwe, kikao kikavunjika kabla hata ajenda ya kwanza haijasomwa, wamebishana nani afungue kwa dua. Anauliza, kaka, nyie huko Tanga mliwezaje?

Dada yangu, sisi kikao tulikiweka mwisho kabisa.

Huku kwetu mwambaoni mikoko imekatwa miaka na miaka, boriti za kujengea, kuni, za kuchomea chokaa, kila mtu anachukua na bahari inasogea tu. Halafu visima vikaanza kuingia chumvi, kikaanza cha msikiti, watu wanatawadha maji yanawasha, na cha parokia pale juu kidogo kikafuata. Mimi ni katibu wa vijana msikitini, nikamfuata katekista, tumekua wote tukicheza mpira, nikamwambia njoo uonje maji yetu, na yeye akanipeleka nikaonja ya kwao. Hapo hatujataja dini ya mtu wala hayo mabadiliko ya tabianchi, tukakubaliana tu kwamba mikoko irudi.

Sasa likaja suala la siku. Ijumaa sisi tuna swala, Jumapili wao wana misa, Jumamosi kuna ndugu zetu Wasabato, siku za kazi watu wako baharini na shamba. Tungebishana mpaka leo. Lakini mkoko unapandwa maji yakipwa sana, na yanapwa sana wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na huku kwetu bamvua maji yanatoka kama saa nne asubuhi, kwa hiyo bahari yenyewe ndo ilitupangia ratiba. Ustadhi wa madrasa akawa anatoa tarehe kwa kalenda yake ya mwezi, katekista anazisoma kwenye matangazo baada ya misa, saa tatu watu wako topeni na kabla ya adhuhuri mmeshanawa. Ikiangukia Jumapili parokia wanatuma wale wa misa ya kwanza, ikiangukia Ijumaa sisi tunatoka mapema, na hakuna aliyelalamika kwamba siku imechaguliwa na upande mwingine.

Mbegu ya mkoko ni ndefu, inachipua ikiwa bado juu ya mti, unaichomeka kwenye tope, mtoto wa madrasa anaweza. Ila isiwe kwenye mchanga wala mbele sana kwenye mawimbi, wazee wavuvi wanajua mikoko ya zamani ilisimama wapi, waulizeni. Na mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali, kwa hiyo pitieni TFS kwanza, wale wakala wa huduma za misitu. Leo mikoko iliyotangulia imenizidi kimo na kaa wamerudi, nasema hivyo kwa fahari kabisa maana nimeitolea jasho.

Na nimeitolea machozi pia. Kuna mzee wetu msikitini alisimama mbele za watu akasema nawauza vijana kwa kanisa, mtu niliyekuwa nafturu kwake kila Ramadhani, mpaka leo salamu yangu anaijibu nusu. Upande wa pili nao kuna mchungaji aliwakataza waumini wake wasije. Halafu mambo yaliponoga ikaja ofisi moja na mabango yao na kamera, wakapiga picha saa moja wakaondoka, picha zikatoka mradi ni wao. Hii bado inaniuma jamani, sitaficha.

Ila wale wa dini niliwajibu kwa dini. Mtume (s.a.w.) kasema Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mwanzo 2:15 Adamu kawekwa bustanini ailime na kuitunza. Papa Fransisko aliandika waraka wa Laudato Si' kuhusu kuitunza dunia mwaka 2015, na Agosti mwaka huohuo wanazuoni wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tamko lao kuhusu tabianchi. Hapa kwetu Askofu Shoo, aliyeongoza Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, kanisa la Kilutheri, wamemwita askofu wa miti kwa jinsi alivyohimiza upandaji Kilimanjaro. Pemba, kisiwa cha Misali, wavuvi waliwahi kufundishwa kwa aya za Qur'an kuacha uvuvi wa kuharibu. Sasa wewe unayesema mazingira ni mambo ya wazungu na NGO, hayo yote huyaoni? Unaswali swala tano, unafunga Kwaresima, halafu unakata mti wa mwisho unaomzuilia jirani yako maji ya chumvi, utamjibu nini Mola wako? Allah hakutuumbia bahari mbili, ya Waislamu na ya Wakristo.

Kwa hiyo dada, anza na kazi. Tafuta mtu mmoja wa upande wa pili unayemwamini, tafuta hasara mnayoshea, kwenu ni ufukwe, anzeni kazi wawili, watatu, kumi. La dua sisi tulimaliza hivi, kila mtu anaomba kimyakimya pale aliposimama kisha anainama kupanda. Viongozi waje wakikuta miche imeshashika, watakuja tu, wetu walikuja.

Na hela ikija, maana ikifanya vizuri itakuja, Gazi kule Kwale, Kenya, mradi wao wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 unauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na pesa inaingia kwenye maji na shule za kijiji, nyie wekeni akaunti yenye sahihi mbili, mmoja wa msikiti na mmoja wa kanisa, na daftari lisomwe kote kuwili, Ijumaa kwenu na Jumapili kwao. Fanyeni hilo mapema, kabla shilingi ya kwanza haijaingia.